Mkono wa Usukani Nilioukataa

Mzee aliitikia shikamoo yangu, akaweka kifurushi juu ya meza ya kazi, akaanza kukifungua taratibu. Kitambaa cha flana, halafu gazeti, halafu kitambaa kingine. Ndani mlikuwa na mkono wa usukani wa gari la miaka ya 1950, kile chuma kinachogeuza gurudumu la mbele usukani unapozungushwa, umevunjika vipande viwili. Alivikutanisha pale vilipoachana, akavishikilia hivyo kwa muda, kisha akaviachia.

"Nimetafuta kote, mwanangu. Haupatikani. Wamesema wewe unaweza kunitengenezea."

Nilichukua kipande kirefu nikakisogeza kwenye taa. Pale ulipokatika palikuwa na sura mbili. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi, laini, yenye mistari iliyopindana kama ya ganda la chaza. Sehemu ndogo ya ukingoni iling'aa, chembechembe tupu. Maana yake ufa ulikuwa ukitembea ndani ya chuma kile kwa miaka, kidogo kidogo, mpaka siku kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Bahati yake gari lilikuwa likitoka kwenye maegesho, mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu.

Nikamwambia siwezi.

"Huwezi au hutaki?"

Nikamwambia sitaki. Hakukasirika. Alianza kuvifunga vile vipande upya, kitambaa kwa kitambaa, na alipofika kwenye gazeti akasema, bila kuniangalia: "Kwa hiyo gari zima linakufa kwa ajili ya kitu kisichozidi kiganja?"

Sikuwa na jibu. Ni wiki tano sasa, na swali lile bado linanikera.

Kwa nini nilisema hapana

Ninatengeneza vipuri vya magari ya zamani: vifuniko vya thamostati, bushi, raba za madirisha, vishikio, vikombe vya kabureta. Vipuri ambavyo kiwanda kilichovizaa kiliacha kuvitoa kabla sijazaliwa, au kiwanda chenyewe hakipo tena. Kifuniko changu cha thamostati kikivuja, injini itapata moto na mwenye gari atanipigia simu kwa hasira. Nitaomba radhi, nitatengeneza kingine.

Mkono wa usukani hauna nafasi ya kuomba radhi.

Ule wa asili haukukatwa kwenye bamba wala haukumiminwa kwenye kalibu. Ulifuliwa: feleji ikiwa ya moto mwekundu ilipigwa kwa nyundo kubwa ya mashine mpaka ikajaa umbo, na mishipa ya chuma ndani yake ikafuata mpindo wa mkono kama mishipa ya mti inavyofuata tawi. Halafu ikazamishwa kwenye mafuta ili iwe ngumu, ikapashwa moto tena wa wastani ili isiwe kavu kama kioo. Mimi sina nyundo ile. Kuchonga kalibu zake kwa ajili ya mkono mmoja ni kama kujenga daraja ili avuke mtu mmoja.

Na kuna bima. Karatasi yangu inaorodhesha kwa uwazi ninachoruhusiwa kuuza, na visivyoruhusiwa ni vitatu: breki, usukani, na kila kinachobeba gurudumu.

Haya yote nilijieleza usiku ule, na yote yalikuwa kweli. Usingizi haukuja.

Chuma hunywea

Watu wengi hudhani shida yetu ni mashine. Wanasema siku hizi si kuna skana, kuna kuchapa kwa tabaka, ile 3D, unaweka kipuri cha zamani upande huu kinatoka kipya upande ule. Na mimi niliingia kwenye kazi hii nikiamini hivyo hivyo, kwamba kunakili ni kunakili tu.

Kipuri changu cha kwanza kukiuza kilikuwa kifuniko cha alumini. Nilichukua cha zamani, nikakizika kwenye mchanga, nikakitoa, nikamimina alumini kwenye shimo lililobaki. Kilitoka kizuri hata nikakipiga picha. Kisha nikajaribu kukifunga kwenye injini. Bolti ya kwanza iliingia. Ya pili iligoma, kama milimita 1 hivi.

Alumini ikipoa hunywea kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Chuma cha kusubu hunywea kwa kama asilimia 1. Kwa matundu mawili yaliyoachana milimita 80, upungufu huo unatosha kukifanya kipuri kiwe pambo la mezani. Mafundi wa zamani walikuwa na rula maalumu kwa ajili hiyo, rula ambayo kila milimita yake imevutwa kidogo, ili kielelezo cha mbao kitoke kikubwa kiasi kile kile ambacho chuma kitakuja kupungua. Nilipoishika rula hiyo mara ya kwanza nilidhani imekosewa.

Hilo la kunywea linafundishika. Lililonisumbua zaidi ni hili: kipuri cha zamani si ukweli. Ni ukweli uliokwisha kutumika. Tundu ulilopima limeliwa na miaka 60 ya mtikisiko. Uso unaodhani ni bapa ulipinda siku injini ilipochemka, pengine kabla mwenye gari wa sasa hajalinunua. Ukikipima kwa uaminifu wote, kwa mikromita bora kabisa, utapata vipimo sahihi vya uchakavu.

Michoro ndiyo iliyojua kipuri kilitakiwa kiwe vipi. Na michoro mingi imepotea. Viwanda viliuzwa, vikaunganishwa, vikafungwa, na makabati yakaenda jalalani pamoja na kilichokuwa ndani. Pale vifaa vilipookolewa, faida yake imeonekana kwa macho: kwa MGB, gari lililoundwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, kalibu za kiwanda zilipatikana, na mwaka 1988 mabodi mapya kabisa yakaanza kutolewa tena kwa kutumia kalibu hizo hizo. Ila kwa kila gari lililopata bahati hiyo yapo mengi ambayo hakuna aliyeyakumbuka siku ya kufunga mlango.

Kwa hiyo tunabaki tunakisia. Skana inaniambia pale pana milimita 11.7. Haiwezi kuniambia kama mchoraji aliandika 12 au nusu inchi kasoro kidogo, wala kwa nini.

Saa 40

Niseme kidogo juu ya hesabu, maana wateja wengi huona bei na kudhani tunawakamua.

Kalibu ya raba ya dirisha, ile ndogo, hunichukua kama saa 40 kuipima, kuichora, kuichonga na kuirekebisha. Nikitoa raba 4,000, kila moja imebeba sekunde 36 za kazi hiyo. Nikitoa 10, kila moja imebeba saa 4. Raba ni ile ile na mkono ni ule ule. Kinachotofautiana ni idadi ya watu wanaogawana mzigo.

Volkswagen Beetle ya asili iliundwa kwa zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho ilipotoka Mexico mwaka 2003. Mwenye Beetle hana shida ya raba. Upande mwingine kuna Porsche 959, magari 292 tu, ambayo kampuni yenyewe ilifikia kuchapa kwa leza chombo kidogo cha kuachia klachi, kwa kuwa kusubu vichache vile hakukuwa na maana. Magari ninayoyahudumia mimi yako katikati ya hao wawili, pabaya. Ni mengi kiasi cha watu kulia, ni machache kiasi cha kalibu kutojilipa. Wala hakuna kampuni nyuma yake.

Muuza mchanganyiko wa mpira naye ana kiwango chake. Hauzi kilo 5. Anauza shehena, na mpira mbichi ukikaa sana kabla ya kupikwa huharibika. Nimeshatupa zaidi ya nilioutumia.

Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria kabisa nilipoanza. Kipuri kizuri hulimaliza soko lake chenyewe. Kama duniani kuna watu 150 wanaohitaji kifuniko fulani, na changu kikadumu miaka 30, basi nikiuza cha 150 nimemaliza. Wote wameridhika, na rafu yangu imejaa vilivyobaki. Nimemwona mwenzangu akifunga karakana akiwa hana lalamiko hata moja.

Uaminifu kwa kitu gani?

Wanunuzi wa vipuri hivi wanapenda neno "halisi". Wanataka kitu kama kilivyotoka kiwandani, na ninawaelewa, kwani mimi mwenyewe hupata raha nikiona alama ya kusubu mahali pake.

Lakini dunia iliyokizunguka kile kipuri haipo tena. Petroli ya siku zile ilikuwa na risasi, na risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti vya vali za kutolea moshi. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Nikitengeneza kichwa cha silinda hasa kama cha asili, vali zitajichimbia ndani ya kiti. Petroli ya sasa mara nyingi ina ethanoli, ambayo huilainisha mipira ya aina ya zamani mpaka inavimba na kupasuka. Lainingi za breki zilikuwa na asbesto, na hakuna mwenye akili timamu atakayetaka kuirudisha vumbi ile kwenye mapafu ya fundi.

Mfano ninaoupenda ni wa Citroën DS. Gari lile linapanda, linashuka, linafunga breki na kugeuza usukani kwa nguvu ya kimiminika kimoja. Mwaka 1966 kimiminika kikabadilishwa: chekundu kikatoka, cha kijani chenye asili ya madini kikaingia. Raba zilizostahimili kile hazistahimili hiki. Ukikosea, zinavimba na gari linalala. Raba mbili zenye umbo moja, kipimo kimoja, rangi moja nyeusi, na moja kati yake ni sumu kwa gari lako. Macho hayawezi kuzitenganisha. Anayezitenganisha ni mtu mmoja tu, yule aliyeandika lebo.

Bolti nazo zina mtego wa namna hiyo. Hesi za Whitworth, yaani meno ya bolti ya mfumo wa zamani wa Uingereza, zilizobuniwa 1841, zina pembe ya digrii 55, na zilizokuja kuzirithi zina 60. Kwa bolti ya nusu inchi, moja ina meno 12 kwa inchi na nyingine 13. Nati ya huku itaingia kwenye bolti ya kule mizunguko michache, itakaza, na utadhani imefunga.

Ndiyo maana nikatoka kwenye wazo la kunakili. Kipuri lazima kieleweke kwanza: kilikuwa kinafanya nini, kikiwa kimezungukwa na nini, na sasa kimezungukwa na nini.

Kosa langu lilinirudia

Mwaka jana mteja aliniletea kifuniko kinachovuja, akilalamika kwamba ni kazi yangu. Haikuwa kazi yangu. Kilikuwa kidogo kuliko inavyotakiwa, tundu moja limepanuliwa kwa tupa ili bolti ifike.

Nikakigeuza. Upande wa ndani palikuwa na mkwaruzo mdogo wenye umbo la ndoano. Mkwaruzo ule naujua. Nilijikwaruzia mwenyewe kielelezo changu siku patasi iliponiponyoka, na kila kifuniko kilichotoka karakana yangu mwaka ule kinao.

Mtu alikuwa amenunua changu, akakizika mchangani kama nilivyofanya mimi kwenye cha kwanza, akauza. Kilikuwa nakala ya nakala, kimenywea mara mbili.

Nilikasirika siku nzima. Jioni hasira ilipopungua kikabaki kitu kigumu zaidi: yule mtu alidhani anachokiiba ni umbo. Hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, kwamba saa zangu nyingi zilikuwa kwenye ile milimita 1.

Kulehemu

Wiki ya tatu baada ya mzee kuondoka nilikutana na gari lake. Nililitambua kwa rangi. Lilikuwa limeegeshwa, gurudumu la mbele limekatwa kona, na kutoka nilipokuwa nimesimama niliweza kuuona mkono wa usukani.

Ulikuwa na pete nene ya kulehemu katikati.

Nilipiga goti nikaangalia kwa tochi ya simu. Aliyelehemu hakuwa mzembe. Alisafisha, alizungushia vizuri, akapaka rangi. Ila feleji iliyokwisha kukomazwa kwa moto na mafuta ukiilehemu hivi hivi, bila kuipasha moto kabla na kuituliza baadaye, pembeni ya mshono panakuwa pakavu. Ufa mpya hauhitaji miaka. Na lile gari lilikuwa na vumbi mbichi kwenye matairi. Lilikuwa linatembea.

Nilikuwa nimejiambia kwamba kukataa ni kutofanya kitu. Mikono yangu misafi, jina langu halimo. Pale chini, goti likiwa kwenye kokoto, nikaona kwamba jibu langu lilikuwa na umbo kamili, na umbo lake ni ule mshono. Mzee hakuchagua kati ya mkono wangu na kuliacha gari. Alichagua kati ya mkono wangu na huu.

Bado sisemi kwamba mtengenezaji mdogo akubali kila kitu. Wapo wanaokubali kila kitu, na ninawaogopa. Lakini hapana yangu ilikuwa ya mkato mno. Sikumwambia asilehemu. Sikumwambia mkono wa upande wa pili una umri ule ule na huenda una ufa ule ule. Nilijua yote hayo wakati nikimwangalia anafunga kifurushi, na nikanyamaza kwa sababu nilitaka aondoke.

Nilimsubiri. Alipokuja nilimwamkia, nikamwambia gari lisiondoke pale kwa magurudumu yake, libebwe. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Sasa unataka?"

"Nataka kujaribu, mzee. Sijui kama nitafika."

Kona ya ndani

Kipande kilichovunjika nisingeweza kukipima, kilikuwa kimepinda kabla ya kukatika. Nikapima mkono wa upande wa pili na kuugeuza kama kwenye kioo. Nikakata kutoka kwenye mche wa feleji yenye kromu na molibdeni, mnene kuliko unavyohitajika. Hauna mishipa iliyofuliwa, kwa hiyo nikauongezea unene mahali ule wa asili ulipoanzia kupasuka. Mhandisi mmoja alikubali kuipitia michoro, akanirudishia mara mbili ikiwa na wino mwekundu, mara ya tatu akatia saini. Bima hawajajibu. Mpaka wajibu, hakuna kitakachotoka hapa.

Tundu la kupokea kichwa cha tairodi, fimbo inayousukuma mkono wa usukani, lina mteremko, linapungua milimita 1 kwa kila milimita 8 za kina. Unapaka rangi ya buluu kwenye koni, unaiingiza, unaizungusha kidogo, unaitoa, unaangalia buluu imegusa wapi. Mara ya kwanza iligusa juu tu, pete nyembamba. Koni iliyokamatwa juu tu hucheza, na inayocheza hukata. Nikachonga tena kidogo sana. Siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, buluu ilikuwa imeenea tundu zima. Niliita watu waje kuangalia.

Nikatuma mikono miwili niliyoichonga ikakomazwe na kupimwa. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: chuma kinatiwa usumaku, kinamwagiwa kimiminika chenye unga laini wa chuma, na palipo na ufa unga unajikusanya. Chini ya taa maalumu unang'aa kijani.

Majibu yamerudi juzi. Mkono mmoja ni safi. Wa pili una mstari wa kijani, urefu wa kama punje ya mchele, kwenye kona ya ndani pale shina linapokutana na bapa.

Niliuangalia tena ule mkono wa zamani niliopimia. Kona hiyo imeliwa na kutu, na nilipoipima nilisoma kona kali, nikachonga kona kali. Mchoraji wa kwanza bila shaka aliizungusha. Kona kali ndani ya chuma kinachozamishwa kwenye mafuta hukusanya mvutano wote mahali pamoja, na chuma hupasuka kikiwa bado kwenye pipa. Mmoja ulipasuka. Mwingine haukupasuka, ila una kona ile ile.

Nimeikata yote miwili kwa msumeno, katikati, ili mtu asije akaikuta kwenye sanduku la vyuma nikiwa sipo. Ule safi ulichukua muda mrefu zaidi kukatika. Mchoro mpya una mzingo wa milimita 6 kwenye ile kona, na pembeni nimeandika sababu yake kwa maneno, ili atakayeupata asilazimike kukisia.

Mzee alipiga simu jana kuuliza. Nilimweleza yote, hata habari ya msumeno. Akanyamaza kidogo.

"Na ule wa upande wa pili, uliopimia," akasema, "umeupima nao?"

Nimeufungua asubuhi hii. Uko hapa kwenye meza, umeoshwa, unasubiri kwenda kwenye taa ya kijani.